Diski mbili, na hakuna anayetazama

Nimekuwa kimya, si kwa kiburi, ni mitihani tu na mambo ya chuo mnayoyajua. Leo Jumapili hapa Mlimani pametulia, maji bwenini yametoka (ajabu!), nimefua, nimeanika, sasa nimekaa na dukuduku langu. Ni habari ya kompyuta, lakini usikimbie hata kama unasoma sheria au fasihi, maana mwisho wake inahusu heshima ya mtu.

Hoja yangu naitanguliza kabisa ili usisome kwa kuvizia. Kufunga diski mbili ili moja ikifa nyingine iendelee ni jambo zuri, lakini halina maana kama hakuna mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuzitazama. Na sisi wasomi wa likizo, tunaokwenda kwetu, tunafunga mashine, tunapiga picha, tunarudi chuo, tuna kosa kubwa kuliko hizo diski. Nayasema haya kwa kuwa mimi ni mmoja wao.

Kwetu ni Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde, pale ambapo ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini kama mkeka. Shughuli ni korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, mkulima hapeleki korosho zake kwa mnunuzi. Anazipeleka kwenye chama cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, halafu fedha inarudi kwa kila mtu kwa kilo zake. Maana yake ni nini? Maana yake korosho za mjomba wangu zikishachanganywa na za watu wengine mia tatu, kilichobaki kuonyesha kwamba ni zake ni maandishi tu. Maandishi yakipotea, korosho zimepotea.

Agosti 2023 nilikuwa nyumbani likizo. Mjomba akaniita (na kwetu sisi mjomba akiita, unaitika umesimama), akaniambia chama chao kimepata kompyuta ya mtumba na karani anaogopa isije ikafa na hesabu za watu. "Wewe si unasoma mambo hayo?" Mimi nasoma takwimu, lakini nani atamwambia mjomba hivyo? Nikasema ndiyo.

Nikaenda. Karani ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, mwandiko wake utadhani umepigwa chapa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kiti chake. Nikamweleza habari ya RAID, tunatamka reidi. Nikamwambia, mama, hii ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Ziko aina. Ipo sifuri, inayogawa kazi kwa diski mbili ili iende haraka, lakini moja ikifa umekwisha. Ipo moja, ambayo kila kinachoandikwa kinaandikwa kwenye diski zote mbili sawasawa, kama kioo. Ipo tano, inayotaka diski tatu au zaidi. Hiyo inaweka data pamoja na hesabu ya ziada iitwayo pariti, kiasi kwamba diski moja ikipotea unaweza kuipata kwa kukokotoa, kama vile ukijua jumla ni 12 na namba moja ni 7, hujashindwa kujua nyingine ni 5.

Tukachagua namba moja, ya kioo. Diski moja tuliinunua Masasi, nyingine nilikuja nayo kutoka Kariakoo, na kwa hilo najipongeza, maana diski zilizotoka kiwandani siku moja zina tabia ya kufa pamoja. Nikaweka Linux aina ya Debian. Kazi yenyewe ya kuunganisha inafanywa na programu iitwayo mdadm, huhitaji kununua kadi yoyote ya pekee. Unazigawa diski mbili sawa, unaandika

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb1 /dev/sdc1

unaacha zinakiliane, unaiumba md0 kama vile ni diski ya kawaida, unahifadhi maelezo yake kwenye mdadm.conf ili mashine ikiwaka iikute. Ukitaka kujua hali, unaandika cat /proc/mdstat. Ukiona [UU] zote mbili ziko hai. Ukiona [U_] moja imeondoka.

Nikamwonyesha mama karani ile [UU] kwa mbwembwe zote. Akaniuliza swali moja tu:

"Sasa mwanangu, na vile vitabu niendelee navyo?"

Nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Wala usihangaike mama. Hii mashine inaandika mara mbili."

Jamani, hayo maneno nitakufa nayo.

Nikarudi chuo. Agosti 2024 nikarudi Newala, ikiwa imebaki siku mbili kabla ya mkutano wa wanachama. Mama karani akaniambia mashine siku hizi inagandaganda, na faili la msimu uliopita halifunguki. Nikaandika cat /proc/mdstat. [U_]. Moyo ukapiga paa. Nikafukua kumbukumbu za mfumo: diski moja ilitoka kwenye mstari tangu Machi. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi kwa kishindo kipindi kile cha mvua, na UPS hawakuwa nayo. Miezi mitano mashine imetembea kwa mguu mmoja na haikumwambia mtu! Kusema kweli ilisema, lakini kwa nani? mdadm ina kazi ya kufuatilia, ikiona diski imekufa inatuma barua pepe. Mimi sikuiwekea anwani ya mtu yeyote. Barua zilikuwa zinajaa ndani ya mashine ileile, kwenye sanduku ambalo hakuna aliyejua kuwa lipo.

Na ile diski iliyobaki nayo ilikuwa na sehemu mbovu, pale pale lilipokaa faili la msimu. Hapo kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Diski inaweza kuoza kipande ambacho hakijasomwa muda mrefu, na hutajua mpaka siku ukihitaji kukisoma. Ndiyo maana Debian imepangiwa kuzikagua diski zote, mwanzo hadi mwisho, usiku wa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Safi sana. Ila ofisi ya chama Jumapili imefungwa na mashine imezimwa! Mwaka mzima ukaguzi haukufanyika hata mara moja, na aliyetakiwa kulifikiria hilo ni mimi.

Kilichopatikana ni nakala ya katikati ya Novemba, iliyobaki kwenye flashi mama alipokwenda kuchapisha orodha. Kila aliyeleta korosho baada ya hapo hakuwemo.

Siku ya mkutano orodha ikabandikwa hivyo hivyo. Mzee mmoja akainuka, akasema taratibu kabisa: "Mimi nilileta mwezi wa kumi na mbili. Humu simo. Basi zile pesa nilizolipwa ni za kilo zipi, na zilizobaki kala nani?" Nyuma kabisa sauti ikasema, "Si karani." Watu wakacheka kile kicheko kisicho na furaha. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya mjomba, nikatamani ardhi ipasuke.

Mama karani hakubishana. Akainuka, akajifunga kanga yake, akaenda kabatini, akarudi na vitabu vya stakabadhi, nakala za kaboni, msimu mzima, vimefungwa kwa kamba kwa mpangilio wa tarehe. Hakunisikiliza! Akafungua Desemba, akamsomea mzee kilo zake, tarehe yake, na alama ya kidole gumba chake. Kilo zikalingana na malipo. Mzee akasema, "Basi, nimeridhika." Yule wa nyuma hakusema tena.

Tulikaa siku tano usiku na mchana kuandika upya kila kitu. Yeye anasoma, mimi napiga. Siku ya tatu ndipo nilipoweza kumwomba msamaha. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimekaa na fedha za watu miaka mingi. Kitu ambacho sikioni kwa macho yangu, sikiamini." Basi.

Sasa turudi kwenye hoja, maana hii si hadithi tu.

Nilipofika chuoni nikatafuta chanzo cha hii reidi. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala wakisema badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, unganisha nyingi za bei nafuu. Lakini wakasema ukweli: diski moja ikitarajiwa kudumu saa 30,000, ukiunganisha 100 bila kinga, tarajia kifo kila baada ya saa 300, hata wiki mbili hazifiki. Kuongeza diski ni kuongeza misiba. Kinga ni zile za ziada, pamoja na kitu kingine ambacho watu wa vijiweni huwa hawakitaji: muda unaopita kabla ya kubadilisha iliyokufa.

Muda huo umo ndani ya kanuni yenyewe. Kwa diski mbili za kioo, unachukua saa za uhai wa diski, unazizidisha kwa zenyewe, halafu unagawanya kwa mara mbili ya muda wa matengenezo. Nikakaa na kikokotoo. Kwa diski ya saa 30,000, iliyokufa ikibadilishwa ndani ya saa 24, unapata saa 18,750,000 kabla ya kupoteza vyote. Ikikaa miezi mitano, yaani saa 3,600, unapata saa 125,000. Kinga imepungua mara 150! Diski ni zilezile, fedha ni ileile, programu ni ileile. Tofauti ni kama kuna mtu ametazama au hakuna. Na hiyo kanuni inadhani kila diski inakufa kivyake. Umeme ukija kwa kishindo unazipiga zote mbili kwa pamoja, hapo hata hesabu yenyewe inakuwa ya kubembeleza.

Bibi yangu alilijua hili bila kanuni. Uwanda wetu hauna mito juu, maji ya mvua yanazama mchangani yakatokee huko mabondeni. Kabla mradi wa maji wa Makonde haujaanza kuyapandisha kwa pampu miaka ya 1950, wanawake walikuwa wanashuka genge kuyafuata. Mpaka leo nyumba nyingi Newala zina kisima cha saruji cha kukinga maji ya bati. Bibi kila asubuhi alikuwa anachungulia kisimani kabla hajawasha moto. Kisima kikipata ufa, anajua siku hiyohiyo. Hakuna aliyemwambia kwamba kisima kimejengwa vizuri kwa hiyo asichungulie.

Mshikaji wangu mmoja anayesoma sayansi ya kompyuta aliposikia habari hii alicheka. Eti mambo ya diski ni ya kizamani, weka kila kitu kwenye wingu, Google watakutunzia. Nikamkumbusha tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti Afrika Mashariki ikawa kama haipo. Sisemi wingu ni baya. Nasema wakulima wakiwa wamepanga foleni na magunia yao, huwezi kuwaambia subirini meli ikaunganishe waya. Wingu liwe nakala ya tatu, lisiwe ya kwanza.

Tena kuna wanaokwenda upande wa pili, wanasema basi reidi haina maana. Hapana. Reidi inafanya ofisi isifungwe siku diski imekufa katikati ya msimu, na hilo ni jambo kubwa. Ila reidi si bekapu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Kirusi akiingia, anaingia zote mbili. Mwizi akibeba kasha, amebeba zote mbili. Kioo kinaonyesha kilichopo, hakikumbuki kilichokuwepo.

Bekapu ni mahali pengine. Na sisi wa kule historia imetufundisha. Misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 ikavamiwa na Wamagwangwara, ikabidi Chauncy Maples aihamishie shughuli Newala, juu ya uwanda. Kama pasingekuwa na Newala ya kukimbilia, sijui. Basi mimi nimegeuza njia: hesabu za Newala sasa zina nakala Masasi. Dada yangu anaishi huko. Kila mwezi mara moja diski ya nje inapanda gari la abiria na mtu tunayemwamini, imefungwa kwa nywila, inakaa kabatini kwa dada, ile ya zamani inarudi. Haijachomekwa popote, kwa hiyo umeme hauiwezi na kirusi haioni.

Mengine tuliyobadilisha nayataja kwa ufupi, huenda kuna mtu yatamfaa.

Tulipoweka diski mpya hatukuanza kuijaza. Kwanza tulinakili kila kilichosomeka kwenye diski ya nje, maana kujaza diski mpya ni kuisoma ile mzee mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndipo nayo huwa inakata roho. Ile mzee nayo tukaistaafisha baadaye kidogo.

Nje ya kasha tumebandika karatasi: diski ya kushoto namba hii, ya kulia namba hii. Wengi wamepoteza data kwa kuchomoa ile nzima na kuiacha mbovu.

Ukaguzi wa kila mwezi nimeuhamishia Ijumaa mchana, mashine ikiwa imewashwa. UPS imenunuliwa, na wanachama wenyewe ndio waliopiga kura inunuliwe.

Mashine ikiwaka inafungua dirisha: kijani, diski zote mbili ziko hai; nyekundu, moja imekufa. Mama karani anaandika rangi hiyo kwenye daftari kila asubuhi na kuweka sahihi. Ikiwa nyekundu ananibipu. Tena anaye kijana mmoja wa pale pale kijijini, kamaliza kidato cha nne, tumemfundisha kubadilisha diski. Tulimfanyia jaribio: tukaiua diski moja kwa makusudi kwa mdadm --fail, tukamwachia. Akaitoa, akaweka, akasubiri [UU] irudi. Mimi nilikaa mikono nyuma. Hilo jaribio ndilo ningetakiwa kulifanya mwaka 2023, siku ile ya mbwembwe.

Na vitabu vya kaboni vinaendelea. Sitakuja kumwambia tena aviache.

Wadau, nimeona mashuleni, kwenye zahanati, kwenye vyama: mashine inaletwa, kuna hotuba, kuna picha, halafu aliyeileta anaondoka. Vifaa vina bajeti. Mtazamaji hana bajeti, wala cheo, wala hata kiti. Siku mashine ikifa, anayeitwa mwizi si aliyeifunga. Anayeitwa mwizi ni yule mama mwenye miwani ya uzi aliyebaki nayo. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu "sasa mko salama", mwulize kwanza nani ataangalia Jumatatu asubuhi, na akiona nyekundu atafanya nini. Kama jibu halipo, kazi hujamaliza, hata kama taa zote zinawaka.

Nguo zangu zimekauka, ngoja nizianue kabla hazijapata mwenyewe mwingine. Naomba kutoa hoja.